Kodi Yangu Hairudi, Mama Mkwe Haondoki

Mliolikosa gazeti la wiki iliyopita, au mlilipata likiwa limeshafungia samaki, msijali. Nitawakumbusha kwa kifupi, maana aibu yangu haina maelezo mengi.

Mimi ni mshona mapazia. Miaka mitatu iliyopita nilishona mapazia ya hospitali nzima, madirisha mia moja na nane, na siku ya malipo wakanikata kodi ambayo mwenyewe nilikuwa nimeshailipa. Kodi moja, mara mbili. Ofisi ya kodi ikakubali kwamba nimezidisha, ikanipa fomu ya kuomba nirudishiwe, ikaniambia nisubiri siku tisini.

Siku tisini! Nikajiona tajiri. Kabla hata wino haujakauka nikakopa kiinua mgongo cha mama mkwe wangu, fedha alizoziweka kwa ajili ya kuezeka upya nyumba yake, nikanunulia vitambaa. Nikamwambia kwa mdomo huu huu, "Mama, kodi ikirudi tu, siku hiyo hiyo bati linapanda."

Siku tisini zikawa mwaka. Mwaka ukawa miaka miwili. Mvua ikaingia kwa mama mkwe, na mama mkwe akaingia kwangu.

"Wiki mbili tu, mwanangu," alisema mlangoni, na mabegi yake manne. "Mpaka hiyo kodi irudi."

Hiyo ni miezi kumi na moja iliyopita.

Chumba anacholala ndicho kilichokuwa karakana yangu. Meza yangu ya kukatia, mita tatu kamili, tuliisimamisha wima kwenye korido. Mimi nikawa nakata mapazia sakafuni, nimepiga magoti, na wanangu pacha wanaruka juu ya kitambaa kwenda chooni.

Wiki iliyopita niliwaacha nikiwa nimesimama ndani ya ofisi ya kodi, mbele ya dirisha namba saba, chupa ya chai mkononi na mto kwapani. Nilikuwa nimeapa sitoki mpaka kieleweke. Meneja wa hoteli mpya alikuwa amenipa hadi Jumatatu nimjibu kama nitaiweza kazi yake: madirisha arobaini, mapazia mazito ya kugusa sakafu. Mapazia hayo hayakatiki bila meza. Na meza haina pa kukaa mpaka mama mkwe arudi kwake.

Basi. Nikaweka mto juu ya kaunta.

Dirisha hilo nalijua kuliko ninavyojua jiko langu. Pale nimeambiwa faili limehama idara. Nimeambiwa mfumo umebadilishwa. Nimeambiwa afisa anayehusika yuko likizo ya uzazi, na aliporudi nikaambiwa mfumo umebadilishwa tena. Siku zote anakaa pale bwana mmoja ambaye mimi namwita Linashughulikiwa, kwa sababu hilo ndilo neno pekee nililowahi kulisikia kinywani mwake. Hata nikimsalimia naona kama analitafuta.

Lakini Jumatano hiyo Linashughulikiwa hakuwepo. Alikuwepo binti mmoja mgeni, kalamu imechomekwa kwenye nywele.

"Karibu, mama. Huo mto ni wa nini?"

"Wa kulalia."

"Utalala wapi?"

"Hapa hapa. Nimepigwa danadana miaka mitatu, leo nimechoka. Mkifunga ofisi mnifungie ndani."

Foleni ikacheka. Binti naye akatabasamu, akaniomba namba yangu ya mlipa kodi. Akaandika. Akasoma. Akabonyeza mahali ambapo sijawahi kumwona Linashughulikiwa akibonyeza, akasoma tena, na lile tabasamu likamtoka.

"Mama, unatutania?"

"Nitawatania na mto?"

"Ombi lako lilipitishwa miezi tisa iliyopita."

Sikumwelewa. Nikamwomba arudie, akarudia.

"Lilipitishwa. Tukakuandikia barua pepe uthibitishe akaunti ya benki, tukutumie fedha yako ndani ya siku saba. Badala ya kuthibitisha, umetuomba muda. Mara tatu, mama. Sisi hatukucheleweshi. Wewe ndiye unayetuchelewesha."

Foleni nzima ikageuka kunitazama. Baba mmoja nyuma yangu, aliyekuwa ananiunga mkono tangu asubuhi, akasogea hatua moja kando, isije ikaonekana tumekuja pamoja.

"Mimi? Niombe muda? Binti, mimi nauomba huo mwisho wa muda kila siku!"

"Barua zako hizi hapa."

"Sijaandika barua yoyote!"

Akazichapa zote tatu, akanisukumia chini ya kioo. Nilizishika nikiwa tayari kupiga kelele za wizi na utapeli. Nikasoma ya kwanza.

*YAH: OMBI LA KUONGEZEWA MUDA WA KUWASILISHA VIELELEZO*

*Husika na mada tajwa hapo juu. Kutokana na sababu zilizo nje ya uwezo wangu, naomba niongezewe siku tisini ili niweze kukamilisha taratibu za kibenki. Nitashukuru iwapo ombi hili litapewa uzito unaostahili.*

Nikarudi juu, nikaisoma tena.

Niwaeleze kitu kuhusu mama mkwe wangu. Yule mama alikuwa katibu muhtasi kwa miaka thelathini na minne. Amewaandikia barua wakurugenzi sita, na amewazika wanne. Ofisini alistaafu, lakini ofisi hajaiacha. Mwezi wa kwanza tu alipohamia kwetu, niliamka nikakuta karatasi imebandikwa kwenye kabati la jikoni:

*YAH: KUISHA KWA SUKARI BILA TAARIFA*

*Husika na mada tajwa hapo juu. Jikoni hakuna sukari tangu jana saa nane mchana. Naomba hatua stahiki zichukuliwe. Nitashukuru iwapo suala hili litapewa uzito unaostahili. Nakala: Baba Pacha.*

Nakala kwa mume wangu! Kwa ajili ya sukari!

Tangu hapo nimeandikiwa kuhusu taa ya bafuni, kuhusu soksi za watoto, kuhusu mlango unaolia. Uzito unaostahili nimeusoma mpaka nauota. Hakuna mtu mwingine ninayemjua duniani anayeandika hivyo kwa raha zake.

"Mama, uko sawa?" binti akaniuliza.

"Niko sawa," nikamwambia, na nilikuwa siko sawa hata kidogo.

Akanipa fomu ya kuthibitisha akaunti, ukurasa mmoja tu. "Usiipoteze. Muda wa mwisho uliouomba unaisha keshokutwa, Ijumaa saa tisa na nusu. Ukipita, ombi linafutwa na utaanza upya."

Nikachukua mto wangu nikaondoka.

Sikwenda nyumbani. Nilikwenda kwanza kwa Mama Printa, mwenye duka la kuchapa na kutoa nakala, kwa sababu barua pepe iliyoandikwa juu ya zile karatasi ilikuwa ya kwake. Hapa ni lazima nitubu. Siku tuliyotakiwa kujisajili kwa kompyuta, ofisi ya kodi ilidai kila mtu awe na barua pepe. Mtaa wetu mzima hatukuwa nayo. Mama Printa, kwa huruma yake, akatuandikia wote ya kwake. Mimi, kinyozi, muuza vioo, mwalimu mkuu mstaafu, watu mia mbili na kumi na wawili tunaishi ndani ya barua pepe moja. Tulimshukuru, tukasahau.

"Heri umekuja!" Mama Printa akanipokea. "Kodi yako vipi, mmeshamaliza hivyo vielelezo?"

"Vielelezo gani?"

"Si hivyo mnavyoviombea muda? Mama mkwe wako alikuja kutoa nakala za kadi yake ya pensheni, siku hiyo hiyo barua yako ikawa imeingia. Nikamwambia, mama, mpelekee mkweo habari njema. Akaisoma. Akakaa hapo kwenye kiti kama dakika kumi. Kisha akaniambia, chapa."

"Na wewe ukachapa?"

"Alisema umemtuma! Shughuli zako zote za karatasi si anakuletea yeye siku hizi? Halafu mama wa watu anajua kuandika, dada. Sikurekebisha hata nukta."

Ni kweli. Tangu mama mkwe ahamie kwangu, sikuwahi tena kukanyaga dukani kwa Mama Printa. Risiti, stakabadhi, kila karatasi nilimwachia yeye, nikajisifu kwa majirani kwamba angalau mgeni wangu ana faida.

Njiani damu ilinichemka. Yaani mtu huyu! Kila nilipokuwa nikirudi kutoka ofisi ya kodi mikono mitupu, yeye ndiye alikuwa wa kwanza kutema cheche. "Wazembe wakubwa! Enzi zetu barua haikulala mezani siku mbili!" Alikuwa ananikanda miguu kwa maji ya moto huku anawalaani. Miguu iliyochoka kwa ajili yake! Nilipanga maneno barabara nzima. Nilikuwa na la kuanzia, la katikati, na la kumtoa machozi. Mpaka nafika mlangoni nilikuwa nimeyakariri yote.

Nikamkuta chumbani kwake, ile karakana yangu, amekaa kitandani anakunja nguo za shule za pacha. Pacha wenyewe walikuwa uani.

"Umerudi, mwanangu? Wale watu wamekujibuje?"

Nikatandaza barua tatu juu ya kitanda, moja moja.

Akavaa miwani. Mnafikiri alishtuka? Aliisoma ya kwanza yote, kwa utulivu, mpaka chini. Akaichukua ya pili.

"Hii Mama Printa aliruka mstari," akasema. "Nilimwambia aache nafasi hapa."

"Mama!"

"Najua, mwanangu."

"Miezi tisa, Mama! Nimekwenda pale mara ngapi? Nimetukana watu wasio na kosa! Leo nimekwenda na mto!"

"Nimekuona ukitoka nao. Nilitaka kukuita."

"Mbona hukuniita?"

Akavua miwani. Maneno yangu yote niliyoyakariri yalikuwa bado yapo, nikasubiri kuyatumia. Akaniwahi.

"Siku ile niliposoma kwamba imepitishwa, nilifurahi. Wallahi nilifurahi. Nikainuka nije nikuambie. Halafu nikafikiri: fedha ikija, paa litaezekwa. Paa likishaezekwa, mtanisaidia kufunga mabegi. Nikakaa tena."

"Lakini kule ni kwako, Mama. Nyumba yako. Nafasi tele."

"Nafasi ndiyo nyingi. Vyumba vitatu na mimi peke yangu. Asubuhi hakuna wa kuniuliza nimeamkaje. Redio ndiyo inayozungumza, na ukiijibu haikusikii." Akacheka kidogo, halafu akaacha. "Nimeandika barua maisha yangu yote, mwanangu. Hapa nikiandika sukari imeisha, sukari inaletwa. Kule nimwandikie nani?"

Nilitaka kukasirika. Nilijitahidi. Nilijikumbusha magoti yangu, nikajikumbusha hoteli na madirisha yake arobaini.

"Ungeniambia tu," nikasema.

"Nikuambieje, na meza yako imesimama koridoni? Unadhani sisikii? Kila mkasi unapogonga sakafu naamka. Najisemea, huyu mtoto anaumia kwa ajili yako, kesho nenda ukaseme. Kesho ikifika nasema keshokutwa. Kila barua niliapa ndiyo ya mwisho."

Hapo nilimhurumia mpaka nikamsogelea nikakaa naye kitandani. Hasira nayo haikuondoka, msinidhanie malaika. Ilikaa hapo hapo pamoja na huruma, na sikujua nianze na ipi.

Mama mkwe ndiye aliyetangulia. Akaivuta ile fomu ya ukurasa mmoja kutoka kwenye mkoba wangu, akaikagua juu mpaka chini, akatoa kalamu kwenye kifua cha gauni lake, mahali anapoiweka kila siku.

"Weka sahihi. Hapa, na hapa. Kesho asubuhi naipeleka mwenyewe, nawaomba radhi kwa niaba yako."

"Ukiipeleka wewe si itageuka ombi la muda?"

Tukacheka. Sijui ilikuwaje, lakini tulicheka wote wawili, kile kicheko cha kuegemeana mabega, mpaka pacha wakaja kuchungulia mlangoni waone kulikoni. Nikawafukuza warudi uani.

"Mama," nikamwambia, "ngoja kwanza. Hii fomu ni ya keshokutwa. Tuongee na Baba Pacha. Labda chumba hiki tunaweza kukigawa. Labda meza..."

"Usinihurumie."

"Sikuhurumii. Nafikiri."

Na nilikuwa nafikiri kweli. Nilikuwa napima ule ukuta wa dirishani kwa macho, kama ninavyopima dirisha la mteja. Kitanda kikigeuzwa, meza ikakatwa nusu mita, pazia zito likapita katikati. Kwa mara ya kwanza katika miezi kumi na moja nilikitazama chumba kile nikamwona mama mkwe amo ndani yake, na meza imo.

Nilikuwa nimefungua mdomo kumwambia hivyo hasa, geti likagongwa.

Aliingia Baba Pacha. Mume wangu ni fundi wa majokofu, mtu mpole, mtu wa neno moja tu la "subira" kwa kila balaa. Hajawahi kuingia nyumbani akikimbia. Siku hiyo alikuja anakimbia, uso wote meno.

"Mama! Mama Pacha! Mko wapi? Ah, vizuri, mko wote!"

Nikazifunika zile barua tatu kwa sketi ya shule.

"Kuna nini?" nikauliza.

"Nimechoka kuwasubiri hawa watu wa kodi," akasema. "Wiki tatu zilizopita nilikopa kazini. Watanikata mshahara mwaka mzima, lakini potelea mbali. Sikuwaambia, nilitaka mshtuke tu." Akamshika mama yake mabega. "Mama, bati limepanda! Mafundi wamemaliza jana jioni. Nyumba yako kavu, inang'aa, hata tone haliingii!"

Mama mkwe akasema, "Alhamdulillahi." Alisema kwa sauti ndogo sana, ambayo sijawahi kuisikia kwake.

"Na nimekodi gari. Liko hapo nje. Dereva ana kazi nyingine saa kumi na moja, kwa hiyo tufanye haraka. Haya mabegi ni manne tu, siyo?"

"Leo?" nikasema. "Unamaanisha leo hii?"

"Leo, mke wangu!"

Mama mkwe akainuka. Akavuta begi la kwanza kutoka mvunguni, akalifungua juu ya kitanda, akaanza kupanga magauni yake, mkono juu ya mkono, kwa mpangilio wa faili.

"Ngoja kwanza," nikamwambia mume wangu. "Mbona hukuniuliza?"

Akanitazama kama nimeanza kuzungumza lugha nyingine. Bado alikuwa anatabasamu, maskini, na alichokisema hakukisema kwa ubaya. Alikisema kwa mapenzi, kama mtu anayekabidhi zawadi.

"Nikuulize nini, mke wangu? Si wewe mwenyewe? Kila siku unaniambia, lini mama yako ataondoka, nimechoka, sina pa kukanyaga ndani ya nyumba yangu, mtoe hata kwa winchi. Si umesema jana tu? Haya, nimekusikia. Nimekufanyia."

Mikono ya mama mkwe ikasimama juu ya magauni.

Wasomaji wangu, nimewaungamia mengi wiki zote hizi, lakini hili nilikuwa nimewaficha. Ni kweli nilisema. Hata hilo la winchi nilisema, na nilicheka nilipolisema.

Nje dereva akapiga honi. Pacha wakaja mbio kutoka uani, wakasimama mlangoni wakatazama begi, kisha bibi yao, kisha mimi.

Mama mkwe akageuka. Hakuwa analia. Afadhali angelia. Alinitazama kama anavyotazama barua ambayo bado haijawekwa sahihi.

"Ulisema hivyo, mwanangu?"